Daktari Grzimek na Hesabu ya Nyumbu wa Serengeti

Siku niliyofika Ngorongoro kwa mara ya kwanza palikuwa na ukungu na baridi iliyomshinda mtu wa Mvita kama mimi, nikajitanda shuka juu ya koti. Dereva alisimamisha gari ukingoni mwa kreta, mahali palipojengwa mawe mfano wa piramidi ndogo. Wenzangu walishuka, wakapiga picha, wakarudi garini kuukimbia upepo. Mimi nilisimama kidogo. Mahali pale wamezikwa watu wawili, baba na mwanawe, Wajerumani wote wawili, na aliyetangulia kuingia kaburini ni mwana. Dereva alituambia kwamba walikuja kuhesabu wanyama. Basi nikapatwa na swali ambalo huenda ni la kikarani, maana marehemu baba yangu alikuwa karani wa bohari: je, hesabu yao ilitimia?

Swali hilo limenifuata miaka mingi. Nimesoma nilichoweza kukisoma, nimewauliza wajuao, na leo napenda kumsimulia msomaji habari za baba yule, Daktari Bernhard Grzimek, kwani jina lake latajika sana Ulaya na Tanzania, lakini huku kwetu pwani wengi wetu hulisikia kwa waongozaji wa watalii tu. Jibu la swali langu nitalitoa mapema ili msomaji asingoje bure. Hesabu haikutimia. Ilikosea, tena si kosa dogo. Lakini kisa kizima kimo katika namna ilivyokosea, na katika yale waliyoyafanya waliokuja baada yake.

Grzimek alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 katika mji wa Neisse, jimbo la Silesia, ambalo siku hizo lilikuwa Ujerumani na leo ni Poland. Alisomea udaktari wa wanyama, akapata shahada yake mwaka 1932, na kazi zake za mwanzo zilikuwa za mifugo na maradhi ya kuku, mambo ambayo hayamfanyi mtu akatajwa magazetini. Mwaka 1930, angali mwanafunzi, alimwoa Hildegard Prüfer, wakajaaliwa watoto wa kiume, na mmoja wao ni Michael, aliyezaliwa Aprili 1934. Huyo Michael ndiye atakayekuja kulala Ngorongoro.

Zama alizokulia zilikuwa zama mbaya, na mwandishi wa haki hawezi kuziruka. Grzimek alijiunga na chama cha Hitler mwaka 1937, akafanya kazi katika wizara ya chakula ya serikali ile. Yasemwa pia kwamba wakati wa vita aliwapelekea chakula Mayahudi waliokuwa wamejificha Berlin, na kwamba mapema mwaka 1945 polisi wa siri walivamia nyumba yake kwa sababu hiyo, akaukimbia mji. Vita vilipokwisha, Wamarekani waliotawala sehemu ile ya Ujerumani walimshtaki kwa kuficha kuwa aliwahi kuwa mwanachama, wakamsimamisha kazi, kisha akarudishwa mwaka 1948. Mambo yote mawili yamo katika maisha ya mtu mmoja, nami nimeyaweka kama yalivyo.

Kazi aliyorudishwa ilikuwa ya kusimamia bustani ya wanyama ya Frankfurt. Aliikuta mwaka 1945 imebaki vifusi na mashimo ya mabomu, wanyama wakubwa waliosalia wakihesabika kwa vidole. Wenye mamlaka walifikiri kuifunga. Yeye aliifungua mwaka ule ule, akaleta michezo na ngoma ili watu waliochoshwa na njaa na vita wapate pa kwenda, na kwa viingilio vyao akawalisha wanyama. Aliisimamia bustani hiyo hadi mwaka 1974. Nadhani hapo ndipo alipoijua siri iliyomfaa maisha yake yote: kwamba mnyama halindwi na sheria peke yake, hulindwa na watu wengi wanaompenda, na watu hawampendi wasiyemjua. Mwaka 1956 akaanza kipindi cha televisheni, akikaa mezani na mnyama hai mbele ya kamera, akizungumza polepole kwa sauti ya puani, na Ujerumani nzima ikamsikiliza kwa miaka 30.

Mapenzi ya Afrika yalimjia mwanzo wa miaka ya 1950. Alifika Afrika Magharibi, kisha Kongo pamoja na Michael, ambaye alikuwa kijana hodari wa kamera. Wakatunga filamu ya kulalamika kwamba wanyama wa mwituni hawana tena pa kukaa. Filamu ikatoka mwaka 1956, ikapendwa, ikaleta fedha. Sasa watazame watu hawa. Fedha zile hawakujengea jumba. Waliwaendea wakuu wa mbuga za Tanganyika wakasema wanataka kununua ardhi waiongeze kwenye hifadhi ya Serengeti. Mkuu wa mbuga wakati huo, Kanali Peter Molloy, aliwashauri jambo jingine. Kununua ardhi si muhimu sana, wakaambiwa. Lililo muhimu ni kujua wanyama ni wangapi na wanakwenda wapi.

Nalo lilikuwa na haja kubwa. Serikali ya Kiingereza ilikuwa inataka kuikata Serengeti, sehemu ya mashariki pamoja na Ngorongoro itoke ndani ya hifadhi, na sehemu nyingine iongezwe kaskazini. Kila mtu alikuwa na la kusema, lakini hakuna aliyekuwa na nambari. Wengine walidai wanyama wanazidi milioni. Wengine walidhani makundi hayatoki nje ya mipaka hiyo mipya iliyochorwa. Mipaka ilikuwa inachorwa ofisini, na wanyama hawakuwa wameulizwa njia yao.

Baba na mwana wakajifunza urubani. Wakanunua eropleni ndogo aina ya Dornier, wakaipaka mistari myeupe na myeusi kama punda milia, na mwishoni mwa mwaka 1957 wakaitoa Frankfurt mpaka Serengeti. Mwezi wa Januari 1958 wakaanza kuhesabu. Waliigawa mbuga sehemu sehemu, kisha wakairuka kila sehemu kwa njia zilizonyooka, kwenda na kurudi, kama mkulima anavyolima matuta. Mmoja alishika usukani, wengine wakatazama kulia na kushoto, kila mmoja akihesabu upande wake. Swala walihesabika kwa makumi, nyumbu kwa mamia. Jua likiwaka, macho yakiuma, eropleni ikirushwa na upepo wa mchana.

Walipomaliza walikuwa na nambari ambayo ilizunguka dunia: wanyama wakubwa 366,980. Kati yao nyumbu 99,481, punda milia 57,199, na swala tomi na swala granti jumla 194,654. Walifanya na la pili. Waliwakamata wanyama, wakawavisha kola za rangi ya kuonekana mbali, wakawaachia, kisha wakawafuata kutoka angani kuona wanaelekea wapi. Kwa njia hiyo wakaonyesha kwamba wakati wa mvua makundi hutoka kwenda kula majani mafupi ya nyanda za mashariki, yaani pale pale palipokusudiwa kutolewa hifadhini.

Zile nambari nyumbu 99,481 zilinipendeza nilipozisoma mara ya kwanza. Ni nambari iliyokamilika hadi mmoja wa mwisho, kama deni lililoandikwa daftarini. Nambari ya namna hiyo humfanya msomaji aamini. Ndiyo maana yataka kutahadhari nayo, kwa sababu nitakazozieleza.

Lakini kwanza msiba. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akirusha eropleni yao peke yake. Tumbusi mmoja, yule ndege mkubwa mla mizoga, aligongana na bawa. Eropleni ikaanguka, Michael akafa papo hapo. Alikuwa na miaka 24, na alimwacha mke kijana, Erika. Akazikwa ukingoni mwa kreta, juu ya bonde alilokuwa akilihesabu. Baba yake alikuwa na filamu haijamalizika na kitabu hakijaandikwa. Akavimaliza vyote viwili peke yake. Filamu ikapewa tuzo ya Oscar kule Marekani mwaka 1960, na kitabu kikafasiriwa kwa lugha nyingi. Vyote viwili vina jina moja, la kuapa kwamba Serengeti haitakufa. Sijui baba gani aweza kukaa chumbani siku baada ya siku akikata na kuunganisha picha zilizopigwa na mwanawe aliyezikwa juzi. Mimi nina wana, na sidhani ningeliweza.

Na mipaka? Serikali iliipitisha kama ilivyotaka, mwaka 1959 huo huo. Ngorongoro ikatengwa na Serengeti. Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti wakahamishwa, kwa mkataba ambao wazee wao 12 waliuwekea alama mwaka 1958, na ambao wajukuu wao wanauzungumza kwa uchungu hata leo. Grzimek hakuwa mwenye kuamua jambo hilo, walakini alikuwa akiamini waziwazi kwamba hifadhi ya wanyama isikaliwe na watu, na umaarufu wake uliipa nguvu rai hiyo. Aliyeweza kuwahesabu swala kwa makumi kutoka angani aliwatazama wafugaji kama ng'ombe wao, yaani jambo lililozidi mahali pasipo pake. Kwangu mimi hilo ni doa, na sioni sababu ya kulipaka chokaa.

Sasa turudi kwenye zile nambari.

Mwaka 1961 wataalamu wengine waliruka Serengeti wakiwa na kamera, wakapiga picha za makundi ya nyumbu, kisha wakakaa chini na kuhesabu kwa utulivu kwenye karatasi. Wakapata zaidi ya laki mbili. Msomaji apige hesabu mwenyewe. Nyumbu jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, na wengi wa hao ndama huliwa na fisi na simba au hufa kwa njia nyingine. Hakuna namna nyumbu 99,481 wa mwaka 1958 wakawa zaidi ya laki mbili kwa miaka mitatu. Maana yake ni moja: akina Grzimek waliwapunja nyumbu. Jicho la binadamu linapolitazama kundi la maelfu kutoka eropleni inayokwenda mbio, aghalabu huona pungufu. Yawezekana pia makundi mengine yalihama kutoka sehemu isiyohesabiwa kwenda iliyokwisha hesabiwa, wakapita katikati bila kuonekana. Kijana alikufa kwa ajili ya kazi ambayo nambari yake kubwa ilikuwa haifiki hata nusu ya kweli.

Hapa niombe ruhusa ya kupita njia ya bohari ya Mji wa Kale, kwani huko ndiko nilikoifahamu elimu iliyokuja kuisahihisha hesabu ile, kabla sijajua kuwa ni elimu.

Mwanzo wa miaka ya 1980 marehemu baba alikuwa akipokea magunia ya mchele na nafaka kwa niaba ya tajiri wake. Chombo chake cha kazi kilikuwa bambo, kile chuma chenye ncha na uwazi katikati, ambacho hudungwa gunia punje zikateremka kiganjani. Magunia yakifika 300 hakuna karani anayeyafungua yote. Hudunga machache akayahukumu yote kwa hayo. Siku moja baba alikuwa na homa, akanituma mimi, kijana wa miaka kumi na kitu, nikajiona mkubwa. Muuzaji alinipokea kwa bashasha, akaninunulia na kahawa, akanielekeza magunia yaliyokuwa mlangoni penye upepo. Nikadunga manane, yote mchele mweupe mkavu. Nikaandika kuwa shehena ni safi. Safu za ndani, kulikokuwa na giza na joto, zilikuwa zimelowa maji ya bahari, na mchele wake ulikuwa umeanza kuota ukungu. Baba aliitwa na tajiri wake akasemwa mbele ya wapagazi.

Hakunipiga. Shehena iliyofuata alinichukua, akayapa magunia nambari kwa chaki, akaandika nambari hizo katika vijikaratasi, akavitia ndani ya kofia yake, akavichanganya, kisha akaniambia nichague nikiwa nimefumba macho. Tukadunga yale tuliyoyapata, hata lililokuwa chini kabisa ikabidi wapagazi waliondolee mengine kumi huku wakitulaani. Muuzaji hakupata pa kutuelekeza.

Kofia ya baba ndiyo elimu ya sampuli, msomaji. Wataalamu wa wanyama wanayoitumia huitia maneno mengi, lakini mzizi wake ni huo. Mbuga haihesabiki yote, basi huigawa katika vichane virefu vyembamba, tuseme 200, wakavipigia kura, wakaruka juu ya 20 tu. Kama katika hivyo 20 wameona nyumbu 12,000, basi wanakisia kwamba mbuga nzima ina 120,000. Sharti ni kwamba vichane vichaguliwe kwa kura au kwa utaratibu usiojali nyumbu wako wapi. Rubani akifuata barabara, au mto, au mahali anapojua wanyama wanapenda, amekwisha dunga magunia ya mlangoni.

Katika nguzo ya bawa la eropleni hufungwa fimbo mbili. Eropleni ikiwa imeshika kimo chake sawasawa, nafasi kati ya fimbo mbili hizo ni upana wa kichane kule chini, na mhesabuji huhesabu tu wanaopita katikati ya fimbo. Akipanda juu, kichane hupanuka, akishuka, hupungua, kwa hivyo rubani hana ruhusa ya kucheza. Kundi likiwa kubwa hupigwa picha, likahesabiwa baadaye mezani, na hapo hujulikana jicho lilipunguza kiasi gani. Tena kwa kuwa nyumbu hawatapakai sawa, bali hujazana hapa pakawa peusi na pale pakawa patupu, mbuga hukatwa kwanza kwa wingi wao: penye wengi huruka mara nyingi, penye wachache mara chache, ili juhudi isipotee juu ya majani.

Mtu aliyeifanyia elimu hii kanuni zake kwa mbuga za kwetu ni George Jolly, mtakwimu wa Edinburgh, aliyechapisha makala yake mwaka 1969 katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki. Ni yeye huyo aliyekuwa amekwisha tengeneza, mwaka 1965, hesabu ya ile njia nyingine, ya kutia alama. Njia hiyo Grzimek aliigusa kwa kola zake bila kuitumia kwa idadi. Kwa ufupi ni hivi: ukivua samaki 100 katika bwawa, ukawatia alama ukawarudisha, ukivua tena 100 na kumi kati yao wakawa na alama, basi alama zako ni sehemu moja ya kumi, na bwawa lina samaki kama 1,000. Mdenmark mmoja, Petersen, alikuwa akitia samaki alama tangu karne ya 19. Wavuvi wetu watauliza, na samaki wakitoka kwa mlango wa bahari je? Ndilo hasa swali ambalo Jolly alikaa kulijibu.

Kuna jambo jingine ambalo Jolly na wenzake walilisisitiza, nalo ndilo lililonigusa mimi kuliko yote. Hesabu yao haitoi nambari moja ikanyamaza. Hutoa nambari na pande zake mbili: ni kama 120,000, na huenda ni 100,000, na huenda ni 140,000. Kadiri vichane vinavyotofautiana, hiki kimejaa na kile kitupu, ndivyo pande hizo zinavyoachana. Mimi niliyesomeshwa hesabu za mirathi chuoni, ambako sudusi ni sudusi na thumni ni thumni na mwalimu hakubali hata punje, nilichukua muda kuikubali elimu inayotangaza shaka yake yenyewe na kuipima. Sasa naiona kuwa ni ya kiungwana kuliko ile nambari ya 99,481 iliyokamilika hadi mmoja wa mwisho, kwa sababu nambari ile haikumwambia mtu kwamba inaweza kukosea kwa laki nzima.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaomcheka Grzimek. Kabla yake hapakuwa na nambari ya kusahihishwa. Waliokuja baadaye walikuja kwa sababu yeye alikwisha ionyesha dunia kwamba Serengeti inahesabika, na wengi wao walifanya kazi katika maabara iliyopewa jina la mwanawe, ambayo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Utafiti ya Serengeti ya mwaka 1966. Na hesabu zao, mwaka baada ya mwaka, zilifichua jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Nyumbu walikuwa wanaongezeka kweli, mbali na makosa ya hesabu. Kufika mwaka 1977 walikuwa zaidi ya milioni moja na robo. Sababu yake ilikuwa sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika Mashariki karibu mwaka 1890 na kuua mifugo na wanyamapori wasio na idadi. Mganga wa wanyama Walter Plowright alitengeneza chanjo bora huko Muguga, karibu na Nairobi. Ng'ombe wa pembezoni mwa mbuga wakachanjwa, na kufika mwaka 1963 ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu ambao hawakuwahi kuchanjwa hata mmoja. Bila ya wahesabuji, nani angelijua?

Grzimek mwenyewe aliishi akayaona yote hayo. Aliendelea kuandika, akasimamia kamusi kubwa ya maisha ya wanyama yenye majuzuu 13, akaongoza jumuiya ya wanyama ya Frankfurt ambayo hadi leo husaidia Serengeti kwa fedha na magari. Kuna kisa kwamba aliwatangazia watazamaji wake kwenye televisheni safari ya bei nafuu ya Afrika Mashariki ambayo haikuwako, na watu walipoyamiminikia maduka ya safari, wenye maduka wakalazimika kuitengeneza. Wazee wa Diani na Malindi wanaowakumbuka Wajerumani wa kwanza kushuka na mikoba yao, wakijipaka mafuta ya jua, waelewe kwamba huyu naye alitia mkono wake, ingawa hakuwa peke yake.

Nyumbani mwake mambo hayakuwa shwari. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1973. Mwaka 1978 alimwoa Erika, mjane wa Michael. Sheria yetu imemharimishia mtu mke wa mwanawe, na msomaji atashangaa kama nilivyoshangaa. Kwao sheria iliruhusu, na ya nyumba ya watu yana wenyewe.

Alifariki tarehe 13 Machi 1987 mjini Frankfurt, akiwa na umri wa miaka 77, akitazama mchezo wa sarakasi ya wanyama. Majivu yake yakaletwa Ngorongoro, yakazikwa kando ya mwanawe aliyekuwa akimngoja kwa miaka 28.

Hesabu lakini haijafungwa. Kwa miongo mingi makisio ya eropleni na vichane yamekuwa yakisema nyumbu wa Serengeti na Mara ni kama milioni moja na laki tatu. Mwaka 2025 watafiti wengine walitoa matokeo yao, baada ya kuzichukua picha zilizopigwa na satelaiti mwaka 2022 na 2023 na kuzipa kompyuta iwahesabu nyumbu mmoja mmoja bila sampuli. Wakapata chini ya laki sita. Ama nyumbu wengine walikuwa chini ya miti ambako satelaiti haioni, ama walikuwa nje ya eneo lililopigwa picha, ama vichane vya eropleni vilikuwa vinazidisha miaka yote hii kwa sababu ya makundi yaliyojazana mahali pamoja, ama nyumbu wamepungua kweli na watu hawakutambua. Wataalamu wanabishana, na eropleni zitaruka tena. Nilipoisoma habari hiyo niliikumbuka kofia ya marehemu baba, na vile vijikaratasi ndani yake, na wapagazi wakinung'unika kwa kuliondolea lile gunia la chini kabisa.